Mfinyanzi Hulia Gaeni

Kila mwaka, ifikapo tarehe 7 Aprili, mji wa Kigali huinamisha kichwa. Katika kilima cha Gisozi mwenge wa kumbukumbu huwashwa, bendera hupepea nusu mlingoti, na taifa zima la Rwanda huanza juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kesho yake, tarehe 8 Aprili, mbali sana na Gisozi, watu wa jamii ya Roma waliotawanyika katika nchi za Ulaya nao huadhimisha siku yao, wakikumbuka mkutano wao wa kwanza wa kimataifa uliofanyika karibu na London mwaka 1971. Tarehe hizo mbili zimefuatana kwa bahati tu. Hata hivyo, mtu akiziweka pamoja, linajitokeza swali ambalo Kigali na miji mikuu ya Ulaya haina budi kulijibu: je, watu waliodharauliwa kwa karne nyingi wanaweza kupewa haki yao bila ya kutajwa kwa jina?

Historia ya watu wa Roma yafaa ifahamike pia katika Afrika. Wazee wao walitoka Bara Hindi yapata miaka elfu moja iliyopita. Huko Ulaya walijulikana kwa uhunzi, kwa muziki na kwa biashara ya farasi, na kazi hizo zikatumiwa na watu wote. Lakini waliozifanya hawakukaribishwa mezani. Katika nchi za Wallachia na Moldavia, ambazo leo ni sehemu ya Romania na jirani zake, walikuwa watumwa hadi kati ya miaka ya 1850. Katika Vita Kuu ya Pili, Wanazi na washirika wao waliwaua kwa mamia ya maelfu. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944, katika kambi ya Auschwitz-Birkenau, wanaume, wanawake na watoto wa Roma zaidi ya 4,000 waliuawa kwa gesi. Vita vikaisha, lakini Ujerumani Magharibi haikutamka rasmi kwamba hayo yalikuwa mauaji ya kimbari hadi mwaka 1982. Wafu walingoja miaka 37 ili watambuliwe kuwa waliuawa kwa sababu ya asili yao.

Rwanda nayo inao watu ambao kazi ya mikono yao ilipokewa na mikono yenyewe ikakataliwa. Watu hao ni Watwa.

Inakubalika kwa kawaida kwamba Watwa ni miongoni mwa wakazi wa kwanza kabisa wa eneo hili la Maziwa Makuu. Wazee wao walikuwa wawindaji na waokotaji wa matunda, asali na mizizi katika misitu iliyofunika milima kabla ya shoka la mkulima na ng'ombe wa mfugaji. Msitu ulipopungua, wengi wao waliingia katika kazi ya ufinyanzi. Wengine walichukuliwa katika makao ya Mwami, wakawa wachezaji ngoma, waimbaji, wachekeshaji na wachukuzi wa machela. Waliobaki milimani, walioitwa Impunyu, waliendelea kuishi kwa msitu hadi karne ya 20.

Katika masimulizi ya kale yaliyozoeleka nchini Rwanda, ipo hekaya ya wana watatu waliokabidhiwa vibuyu vya maziwa wavilinde usiku kucha. Gatutsi akalinda chake, Gahutu akamwaga, na Gatwa akanywa yote. Kwa hekaya hiyo mtoto alifundishwa, tangu akiwa magotini mwa nyanya yake, kwamba mmoja anastahili kutawala, mwingine kutumika, na wa tatu kufukuzwa penye chakula. Yapasa ieleweke kwamba hekaya za namna hii hazisimuliwi bure. Huwekwa ili mpangilio uliotengenezwa na watu uonekane kuwa ni amri ya mbinguni.

Dharau hiyo haikuandikwa katika sheria yoyote, wala haikuhitaji kuandikwa. Ilikaa katika mambo ya kila siku. Watu waliponywa pombe ya ndizi pamoja, Mtwa alitengwa, akanywea chombo chake mwenyewe. Alipokaa kwenye benchi, wengine walisimama. Kuoana naye ilikuwa mwiko. Na kumbe chombo kilichopikiwa maharage, mtungi uliotekewa maji, na chungu kilichotiwa pombe hiyo hiyo, vyote vilifinyangwa na Mtwa! Waswahili husema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hiyo kwa kawaida humcheka fundi asiyejitengenezea kilicho chema. Kwa Watwa haikuwa uzembe wao; jirani ndiye aliyechukua chungu na kumwachia mfinyanzi gae.

Kisha ukaja utawala wa kigeni. Wabelgiji, waliopokea Rwanda kutoka mikononi mwa Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliwahesabu wananchi katika miaka ya 1930 na kumpa kila mtu mzima kitambulisho chenye kabila lake: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Jambo lililokuwa likibadilika kwa ndoa, kwa mali au kwa cheo likagandishwa katika karatasi. Watwa walikadiriwa kuwa kiasi cha asilimia moja tu ya watu wote, na kwa uchache wao wakasahauliwa. Katika mabishano yote yaliyotangulia Uhuru wa mwaka 1962, wakubwa walibishana juu ya Wahutu na Watutsi. Sauti ya Mtwa haikusikika. Mapinduzi yaliyoleta jamhuri yaligawa vyeo na ardhi, lakini mfinyanzi alibaki na kinamasi chake cha udongo, na wawindaji wakabaki na msitu usiokuwa na hati.

Nao msitu haukudumu mikononi mwao. Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1925, ilichukua milima ya volkano ya kaskazini. Nyungwe ikafanywa msitu wa akiba mwaka 1933. Katika miaka ya 1970 Watwa waliosalia katika eneo la volkano walitolewa ili sokwe walindwe. Katika miaka ya 1980 mradi wa misitu na mifugo uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulibadili sehemu kubwa ya Gishwati kuwa malisho na mashamba ya miti. Walioishi humo waliondoka bila ya fidia iliyostahili, kwa kuwa machoni pa serikali za wakati ule mtu asiyelima hakuhesabiwa kuwa na ardhi. Hivyo watu waliokuwa wa kwanza kuijua misitu hiyo wakawa vibarua na ombaomba kandokando yake.

Mwaka 1994 ulipofika, kitambulisho kile cha Wabelgiji kiligeuka kuwa hati ya kifo. Katika vizuizi vya barabarani, neno moja lililochapwa kwenye karatasi lilitosha kumpeleka Mtutsi kaburini. Watwa nao hawakusalimika. Wapo waliouawa, wapo waliokimbia, na wapo walioingizwa katika uovu wenyewe. Makadirio yaliyotolewa na mashirika ya haki za binadamu ni kwamba yapata theluthi moja ya Watwa wa Rwanda walipoteza maisha katika mauaji na vita vya wakati ule. Familia nyingi zilibaki na wajane na yatima, bila shamba wala ndugu mwenye cheo wa kuwasemea.

Kwa sababu hiyo, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeshangaa kwamba Rwanda iliamua kuondoa kabila katika vitambulisho. Mapatano ya Arusha ya mwaka 1993 yalikwisha kuagiza hivyo, na serikali iliyoshika madaraka baada ya Julai 1994 ikalitekeleza. Katiba ya mwaka 2003 ikakataza ubaguzi wa kikabila na migawanyiko ya aina hiyo. Tangu hapo, mbele ya sheria, hakuna Mhutu, Mtutsi wala Mtwa, yupo Mnyarwanda. Msingi wa uamuzi huo umeandikwa kwa damu, na wanaoulaumu kutoka mbali yawapasa kwanza wasimame Gisozi, ambako zaidi ya watu 250,000 wamezikwa.

Lakini uamuzi ulio sahihi nao huzaa maswali yake. Mwaka 1995 Watwa wenyewe walikuwa wameunda chama mjini Kigali kiitwacho CAURWA, ambacho katika jina lake walijitaja kuwa ni wenyeji wa asili wa Rwanda. Baada ya katiba mpya, jina hilo lilionekana kwenda kinyume cha sheria. Majadiliano yakachukua miaka kadhaa, na hatimaye mwaka 2007 chama kikabadili jina, kikaitwa COPORWA, yaani jumuiya ya wafinyanzi wa Rwanda. Katika lugha ya serikali, watu hao walianza kuitwa abasigajwe inyuma n'amateka, maana yake walioachwa nyuma na historia.

Mwaka 2006, wakati Rwanda ilipojichunguza chini ya mpango wa Afrika wa nchi kukaguana, wakaguzi walieleza wasiwasi kwamba sera hii yaweza kuwa ni ya kuwameza Watwa badala ya kuwainua. Serikali ikakanusha. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia kukomeshwa kwa ubaguzi wa rangi ilirudia ushauri kwamba Watwa wawekewe hatua zao maalum. Serikali imeendelea kushika msimamo kwamba umaskini utibiwe kama umaskini, wala si kama kabila.

Kwa haki, yaliyofanywa na serikali hayana budi kutajwa. Katiba ilimpa Rais wajibu wa kuzingatia walioachwa nyuma na historia anapoteua Maseneta wanane, na mwaka 2012 Zéphirin Kalimba, aliyekuwa kiongozi wa COPORWA, aliingia katika Baraza la Seneti. Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, uligawa ng'ombe kwa familia maskini. Bima ya afya ya jamii imewafikia watu ambao zamani hawakuthubutu kukanyaga hospitali. Elimu ya msingi ya miaka tisa bila ada ilianza mwaka 2009, na baadaye ikafikishwa miaka kumi na miwili. Kampeni ya kuondoa nyumba za nyasi, maarufu kwa jina la Bye Bye Nyakatsi, ilizijengea upya maelfu ya familia, Watwa wakiwemo.

Hata hivyo, katika kampeni hiyo hiyo ndipo ugumu wa jambo ulipoonekana. Mwaka 2011 mashirika ya haki za binadamu yaliripoti kwamba zipo familia za Watwa zilizobomolewa vibanda vyao kabla ya nyumba mpya kuwa tayari, zikanyeshewa. Amri ilikuwa moja kwa wote. Lakini mwenye shamba, mbuzi na shemeji mwenye nyumba alipata mahali pa kujisitiri wakati wa kungoja, na asiyekuwa na vitu hivyo hakupata. Ndivyo ilivyokuwa pia katika uandikishaji wa ardhi. Kati ya mwaka 2009 na 2013 viwanja zaidi ya milioni 10 viliandikwa nchi nzima, kazi kubwa inayosifiwa katika Afrika. Lakini aliyefukuzwa msituni katika miaka ya 1970 na ya 1980 hakuwa na kiwanja cha kuandikisha. Hati ilithibitisha alichonacho kila mtu. Kwa asiyekuwa na kitu, ilithibitisha ukosefu wake.

Na udongo wa mfinyanzi je? Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 iliweka vinamasi chini ya dola, na mabonde mengi yakapewa vyama vya ushirika vya wakulima wa mpunga na mazao mengine ya chakula. Taifa lenye watu wengi na ardhi ndogo lahitaji chakula; hilo halina ubishi. Lakini bonde linapogeuzwa shamba la mpunga, shimo la udongo hufungwa. Wakati huo huo sufuria na ndoo za plastiki zimejaa sokoni. Mfinyanzi amebanwa pande mbili: malighafi imetoweka na soko limetoweka. Jina la chama limebaki ni la wafinyanzi, ilhali ufinyanzi wenyewe haulishi tena nyumba.

Hapa ndipo mfano wa watu wa Roma unapofaa. Katika mji wa Ostrava, Jamhuri ya Czech, watoto 18 wa Roma walipelekwa katika shule maalum zilizokusudiwa watoto wenye upungufu wa akili. Sheria ya nchi ile haikumtaja Mroma hata mara moja. Ilisema tu kwamba mtoto atapimwa akili, na mzazi atatia sahihi. Juu ya karatasi hapakuwa na ubaguzi. Lakini mawakili wao walipohesabu, walionyesha kwamba katika mji huo mtoto wa Roma alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi ya mwenzake wa kupelekwa shule ya namna hiyo. Tarehe 13 Novemba 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, kwa kura 13 dhidi ya 4, kwamba huo ni ubaguzi, ingawa si wa moja kwa moja. Sheria isiyotaja kabila yaweza kuligandamiza kabila, na anayeweza kulifichua jambo hilo ni hesabu.

Ulaya nayo haistahili kuigwa kwa kila jambo. Nchi kadhaa ziliitangaza miaka ya 2005 hadi 2015 kuwa muongo wa kuwaingiza watu wa Roma katika maisha ya taifa. Muongo ukapita, na vitongoji vyao vingali na njia za matope. Wao wanatajwa kila siku, na bado wanadharauliwa. Kwa hiyo kutaja peke yake si dawa, kama vile kunyamaza peke yake kusivyokuwa dawa.

Majirani wa Rwanda wamefuata njia mbalimbali. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliwatengea Watwa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti. Nchini Uganda, ambako Watwa walitolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi mwaka 1991, Mahakama ya Katiba ilitamka Agosti 2021 kwamba hawakulipwa fidia ya kutosha. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipitisha mwaka 2022 sheria ya kuwalinda wenyeji wake wa msituni, ingawa Watwa wa Kahuzi-Biega wangali wanadai milima yao. Huko Arusha, Mahakama ya Afrika iliwapa haki Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya. Hukumu ni jambo moja na utekelezaji ni jambo jingine. Lakini sasa haiwezekani tena kusema katika Afrika kwamba msitu haukuwa na mwenyewe.

Je, Rwanda ifanye nini bila ya kuvunja nguzo iliyosimamisha amani yake? Jibu halimo katika kurudisha kitambulisho cha Wabelgiji. Limo katika kuhesabu madhara badala ya kuhesabu damu. Serikali yaweza kuorodhesha kaya zilizotolewa katika Gishwati, Nyungwe na milima ya volkano, hata bila ya kuuliza kabila la mtu yeyote. Yaweza kuhesabu kaya zisizokuwa na hata kiwanja kimoja katika daftari la ardhi. Yaweza kuhesabu kaya zilizoishi kwa ufinyanzi zikanyimwa udongo, na watoto walioandikishwa darasa la kwanza wakatoweka kabla ya la sita. Atakayezisoma orodha hizo atawaona Watwa mle, pamoja na maskini wengine wenye dhiki ile ile, na hakuna sheria itakayokuwa imevunjwa.

Orodha hizo zikiwepo, yatakayofuata ni ya kutendeka. Mwaka 2017 ada ya mgeni anayetaka kuwaona sokwe wa milimani iliwekwa kuwa dola 1,500, na asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hutengwa kwa ajili ya wananchi wanaopakana nazo. Mwaka 2023 Nyungwe ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ni haki basi kwamba waliokuwa wakiishi ndani ya misitu hiyo wawe wa kwanza kufikiriwa katika kazi za ulinzi na uongozaji wa wageni, na katika kupewa mashamba, kabla ya kutengenezewa tu jukwaa la kuwachezea wageni ngoma. Na bonde linapopangwa kulimwa, kona ya udongo yaweza kuachiwa chama cha ushirika cha wafinyanzi kwa hati, kama vile wakulima wanavyopewa zao.

Lakini liko jambo ambalo serikali haiwezi kulifanya kwa amri. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Wanyarwanda hutoka kwa umuganda, wakalima barabara na kuchimba mifereji bega kwa bega. Kazi ikiisha, hukusanyika kwa mkutano. Kitambulisho hakisemi tena nani ni nani. Hata hivyo kila mtu kijijini amjua anayetoka katika nyumba za wafinyanzi. Je, ameketi benchi moja na wenzake au amechuchumaa pembeni? Akiomba kusema, asikilizwe au achekwe? Chombo cha kunywea kikizungushwa, kitamfikia? Mwalimu naye, mtoto wa namna hiyo akiitwa kwa jina la matusi uwanjani, atanyamaza?

Kwa Watwa, dharau haikuanza na karatasi ya mkoloni, na kwa hiyo haikuondoka na karatasi hiyo. Ilianza katika chombo cha kunywea, na hapo hapo hapana budi ikomeshwe. Rwanda imeionyesha dunia kwamba yaweza kufuta neno lililoua. Kazi iliyosalia ni kuhakikisha kwamba aliyefutiwa jina hakufutwa yeye mwenyewe, na kwamba mfinyanzi naye anakula katika chungu kizima.